Artemia mwenye njaa hamshibishi samaki

Swali: Nafuga samaki klauni kwenye tangi. Mayai yanaanguliwa vizuri, lakini vifaranga wanakufa ingawa nawapa artemia hai (vijidudu wa maji ya chumvi). Nakosea wapi?

Jibu: Pole sana. Mara nyingi kasoro iko kwenye artemia mwenyewe. Akitoka tu kwenye yai bado hali chochote. Anaishi kwa akiba ya kiini, nayo inapungua kila saa. Mwache kama saa 12 ajivue gamba, kisha mtie kwenye maji ya chumvi yenye mafuta ya samaki na vitamini C na E, ukipuliza hewa, kwa saa 12 nyingine. Mtazame kwenye mwanga: utaona utumbo umejaa. Msuuze, kisha wape vifaranga papo hapo. Siku za mwanzo wape rotifa (vijidudu wadogo zaidi) walioshibishwa vivyo hivyo, maana artemia hawaingii kinywani.