Iliyoyeyuka na Isiyoyeyuka: Somo la Maji ya Uso

Mwezi huu somo letu si la ng'ombe wala la mahindi. Ni la chupa ndogo ambayo binti akirudi nyumbani kutoka Nairobi huenda akawa nayo mkobani. Chupa hiyo ina maji ya kupaka usoni baada ya kunawa, ambayo vijana huyaita tona. Mengine hutoka kiwandani, na mengine huchanganywa chumbani, Kibera au Kawangware, kwa unga ulionunuliwa kwa gramu na maji ya mtungi. Mama wa skimu akiyaona hutamani kuyatengeneza mwenyewe, apate kuyatumia na pengine kuyauza sokoni. Si vibaya. Lakini kwanza yafaa ajue jambo moja: dawa isiyoyeyuka haimo katika maji, hata kama imo katika chupa.

Twaeni glasi tatu za maji. Katika ya kwanza tieni kijiko cha chumvi, katika ya pili kijiko cha unga wa mahindi, katika ya tatu kijiko cha mafuta ya kupikia. Korogeni zote, kisha ziacheni nusu saa. Chumvi haionekani tena, na ukionja juu au chini ukali wake ni ule ule. Unga umelala chini. Mafuta yamepanda juu. Glasi ya kwanza tu ndiyo iliyoyeyusha kitu. Zile mbili zilichanganyika kwa muda mfupi, nanyi mkadanganyika.

Mkulima analijua jambo hili vizuri kuliko mtu wa mjini. Ukipulizia nyanya dawa ya unga, na pampu isitikiswe, mistari mingine hupata maji matupu na mingine hupata dawa kali inayounguza majani. Kwenye josho lililotulia, ng'ombe wachache wa kwanza hurudishwa kupita mara ya pili, maana wao ndio waliokoroga dawa iliyokuwa chini. Na mwenye shamba la pareto ajue kwamba nguvu ya ua lile haiyeyuki katika maji. Kiwandani hutolewa kwa vimiminiko vya jamii ya petroli.

Sasa tuingie katika chumba cha Kawangware. Tuseme binti yenu ana chunusi, na ameambiwa kwamba asidi ya salisili huziponya. Hilo ni kweli. Asidi hiyo hulegeza ngozi iliyokufa na kuzibua vinyweleo, na imo hata katika marhamu ya Whitfield mnayopewa kwa choa. Kipimo cha kawaida katika maji ya uso ni sehemu 2 kwa 100. Basi binti hupima gramu 2, huzitia katika chupa ya mililita 100 yenye maji ya waridi, hutikisa, na kuona maji yamekuwa meupe kama maziwa. Hufurahi, akidhani kazi imekwisha.

Hesabu inakataa. Lita nzima ya maji yasiyo moto huweza kubeba kama gramu 2 tu za asidi hii. Chupa yake ni sehemu ya kumi ya lita, basi hubeba gramu 0.2. Zile gramu 1.8 zilizobaki ni kama unga wa mahindi katika glasi ya pili. Wiki za kwanza hujipaka maji ya juu, na chunusi hazisikii. Mwishoni hufikia machicha. Huyasugua usoni kwa pamba, na ngozi huungua. Ngozi nyeusi ikiungua huacha doa jeusi ambalo laweza kukaa miezi. Doa hilo ndilo humpeleka kutafuta krimu ya kung'arisha, na hapo ndipo penye hatari kubwa, kwa kuwa krimu nyingine huwa na zebaki, ambayo huharibu figo. Vipodozi vyenye zebaki au hidrokwinoni vilipigwa marufuku Kenya mwaka 1998, lakini havijaisha madukani.

Wengine husema, pasha maji moto. Kweli, maji ya moto hubeba zaidi, lakini yakipoa huirudisha dawa, na asubuhi utaona sindano nyeupe zimelala chini ya chupa. Wengine husaga vidonge vya asprini. Asprini si asidi hiyo hiyo, nayo pia huyeyuka kidogo sana, na kidonge kina wanga ndani yake.

Kinachoyeyusha asidi ya salisili ni spiriti safi. Unga hutiwa katika spiriti kwanza mpaka iwe angavu, ndipo maji huongezwa kidogo kidogo. Yakizidi, chembe hurudi. Spiriti ya kuwashia jiko au taa haifai kabisa, maana huwa na methanoli, ambayo ni sumu. Kwa maoni yetu, dawa hii waachieni wenye maabara, mkainunue kwa mwenye duka la dawa.

Kwa mwanzo wa nyumbani iko niasinamaidi, ambayo ni vitamini B3. Hii huyeyuka katika maji hata yakiwa baridi. Kwa chupa ya gramu 100, pimeni gramu 4 za niasinamaidi, gramu 3 za gliserini na gramu 93 za maji. Tumieni mizani ndogo inayosoma sehemu za gramu. Kijiko hakipimi uzito, maana unga mmoja ni mwepesi na mwingine mzito. Na unga usio na jina wala tarehe kwenye pakiti msiununue, hata ukiwa rahisi.

Maji nayo yana neno lake. Kibera wengi hununua maji kwa mtungi, na mabomba mengine hupita kando ya mitaro ya maji machafu. Skimu nako wengine hunywa ya mto. Yachemsheni, yafunikeni yapoe, ndipo mtie unga na gliserini na kukoroga kwa kijiko kilichochemshwa. Msichukue maji ya betri kutoka gereji, kwani huenda chupa ilikuwa na asidi. Msitie matone ya mafuta ya mkaratusi kwa ajili ya harufu. Hayo ni glasi ya tatu, yataelea juu na kumchoma wa kwanza kujipaka.

Kisha ishikeni chupa ya kioo cheupe mbele ya gazeti hili. Kama herufi zasomeka wazi kupitia maji, vizuri. Iacheni usiku kucha bila kuitikisa, mtazame chini asubuhi. Mkiona chembe hata moja, mwageni.

Maji haya hayana kitu cha kuyahifadhi, basi tengenezeni ya siku 3 tu, au ya wiki moja kwa mwenye friji. Anayetaka kuuza ni lazima atie kihifadhi kinachofaa na aende kwanza KEBS apate alama ya ubora. Na kabla ya uso, pakeni tone moja ndani ya mkono, karibu na kiwiko, mngoje siku nzima.