Unyevu Katika Mashine ya Kutotolesha Vifaranga: Somo kwa Vikundi vya Ilongero

Swali tunaloulizwa mara nyingi na kamati za sharika ni hili: kwa nini mashine ya kutotolesha hufanya vizuri Februari, halafu Julai, kwa mayai ya mitetea ile ile, vifaranga wengi hufia ndani ya ganda siku ya 19 au ya 20? Wengi hulaumu umeme, wengine humlaumu jogoo. Kwa Ilongero, sisi tunashauri kamati ianze kwa kutazama maji.

Mayai ya mijusi na nyoka wengi yana ganda laini. Hufukiwa mahali penye unyevunyevu na hufyonza maji ya udongo. Yai la kuku hutagwa likiwa na akiba yake yote ya maji, na kila siku hupoteza kidogo kupitia vitundu vya ganda. Upotevu huo unahitajika, maana ndio unaopanua mfuko wa hewa kwenye upande butu, ambako kifaranga huvuta pumzi yake ya kwanza. Kufikia siku ya 18 yai liwe limepungua asilimia 11 hadi 14 ya uzito wake. Likipungua kidogo mno, kifaranga hukosa hewa. Likipungua mno, utando wa ndani hukauka na kumbana asiweze kugeuka kulipasua ganda.

Hapo ndipo kiangazi chetu kinapotuumiza. Mvua za Singida ni za msimu mmoja, na zikiisha upepo hukausha kila kitu. Tena tuko juu, na hewa nyepesi ya nyanda hizi huongeza kasi ya yai kupoteza maji. Kubwa zaidi ni joto la mashine yenyewe. Hewa ya usiku yenye nyuzi 15, hata iwe imejaa umande, ikipashwa hadi nyuzi 37.5 hubaki na unyevu wa asilimia 26 hivi. Mashine yenye feni huhitaji asilimia 50 hadi 55 kwa siku 18 za mwanzo, na 65 hadi 70 kwa siku 3 za mwisho. Pengo hilo huzibwa kwa maji tu.

Kinachotoa mvuke ni upana wa maji, wala si kina chake. Sinia pana lina faida kuliko kopo refu, na kitambaa safi kilichochovywa humo huongeza zaidi. Maji yawe safi na ya vuguvugu. Matundu ya hewa yasizibwe ili kutunza unyevu, kwani vifaranga nao wanapumua.

Namna ya kuhakiki ni mizani ya jikoni. Mayai 30 ya kienyeji yenye uzito wa kilo 1.35 yawe na kilo 1.16 hadi 1.20 siku ya 18. Pimeni pia siku ya 9. Yakiwa yamepungua zaidi ya gramu 95, ongezeni maji mapema.

Siku 3 za mwisho mlango usifunguliwe. Hapa kamati nyingi huharibu kwa upendo: mjumbe anataka kuona, mgeni anataka kupiga picha, na mvuke wote unatoka huku kifaranga akiwa nusu ndani, nusu nje. Wafadhili wetu wapendwa, tunawaomba mje siku ya 22.

Katika maombi ya mradi, kipimaunyevu na mizani viandikwe pamoja na mashine. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na trei za mayai zinazotupwa. Kipimaunyevu nacho kijaribiwe kwanza. Lowesheni chumvi ya mezani kwa maji kidogo tu, iwe kama uji mzito, iwekeni kwenye kifuniko cha chupa, kisha fungieni vyote viwili ndani ya kopo lisilopitisha hewa usiku kucha. Asubuhi kisome asilimia 75. Kikisoma 68, basi andikeni juu yake kwa kalamu: ongeza 7.