Kutoka Ipogolo hadi Mbeya: Umbali wa Angani na Muda wa Safari

Ipogolo ni mahali ambapo barabara ya kupanda Iringa mjini huachana na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia. Msafiri wa basi aendaye Mbeya hupita Mafinga, kisha Makambako, ndipo hugeuka kuelekea magharibi: takriban kilomita 330. Ndege haina haja ya kona hiyo ya Makambako. Hukatiza juu ya bonde la Usangu. Je, itamwokolea msafiri muda kiasi gani?

Kwanza tutafute umbali wa angani. Kiwanja cha Nduli, Iringa, kiko latitudo 7.67 Kusini, longitudo 35.75 Mashariki. Kiwanja cha Songwe, kilichofunguliwa mwaka 2012, kiko 8.92 Kusini, 33.27 Mashariki. Nyuzi moja ya latitudo ni kiasi cha kilomita 111, kwa hiyo:

Kaskazini–kusini: 1.25 × 111 = kilomita 139.
Mashariki–magharibi: 2.48 × 111 × 0.99 = kilomita 273.

Namba 0.99 ni kosaini ya latitudo ya katikati, kwani mistari ya longitudo hukaribiana kadiri tunavyoiacha Ikweta. Kwa kanuni ya Pitagorasi, umbali ni kilomita 306 hivi.

Sasa tuseme ndege huenda kilomita 500 kwa saa, na basi kilomita 60. Ndege ina mwendo wa zaidi ya mara 8. Lakini msafiri hakai kiwanjani, anakaa Ipogolo. Tukadirie muda wake wote:

Ipogolo hadi Nduli: dakika 30.
Kungoja kiwanjani: dakika 60.
Angani: dakika 37, na nyongeza ya dakika 10 za kupaa na kutua.
Kupokea mizigo na kufika Mbeya mjini: dakika 60.

Jumla ni dakika 197. Basi, pamoja na nusu saa ya kungoja, litatumia dakika 360. Basi faida ya mara 8 imeshuka, haifiki hata mara 2.

Sababu ni hii:

Muda wote = (umbali ÷ mwendo) + muda wa chini.

Muda wa chini, yaani dakika 150, ni robo tatu ya safari hii. Ndege yenye mwendo maradufu ingepunguza dakika 18 tu. Kupunguza nusu ya muda wa kungoja kungeokoa dakika 30. Katika safari ya Dar es Salaam hadi London, kilomita 7,480 hivi, mambo ni tofauti: kwa kilomita 850 kwa saa, angani ni karibu saa 9, na hata muda wa chini ukiwa saa 5, ni kiasi cha theluthi moja tu ya safari. Kwa hiyo safari ikiwa fupi, dawa ya ucheleweshaji hutafutwa zaidi ardhini kuliko angani.

Zoezi: Rudia hesabu hii kwa msafiri anayeishi jirani na Nduli, na kwa mwingine anayeishi Mafinga. Je, ndege bado inamfaa kila mmoja wao?