Mdogo wangu, riwaya haichezwi yote

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema kikundi chenu kinataka kuigeuza riwaya mnayoipenda iwe mchezo wa dansi, bila neno hata moja, na kila mkikaa kupanga mnagombana kwa sababu kila sura mnaiona ya lazima. Nisikilize dada yako. Wapo waliojitwika mzigo mzito kuliko wenu wakaufikisha.

Wachina wana riwaya yao kuu, Hongloumeng, yaani Ndoto ya Jumba Jekundu, ya Cao Xueqin. Ilipigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1791, ina sura 120, na wahusika wake wanapita mia nne. Mwaka 2021, mjini Nanjing, Li Xing na Li Chao waliipandisha jukwaani kwa dansi. Wakachukua vipande 12 basi. Fikiria watu na visa walivyoviacha nje, na kila kimoja kina mpenzi wake aliyekikariri tangu utotoni!

Kwa hiyo usiulize kisa kipi ni muhimu, maana vyote ni muhimu. Uliza mwili unajua nini hapo. Mle kitabuni, Lin Daiyu, binti aliyefiwa na mama, anapelekwa kulelewa kwa bibi yake, kwenye jumba la kitajiri. Baada ya chakula analetewa chai. Kwao chai hainywewi mara tu baada ya kula, lakini hasemi kitu. Anawatazama wenzake, anaona wanaisukutulia, naye anasukutua. Kisha inaletwa chai ya kunywa. Mdogo wangu, hicho kikombe ni dansi tayari! Shingo inayochungulia, mkono unaosita, mgeni anayeogopa kuchekwa. Sehemu kama hizo ndizo za kuwinda.

Halafu tumieni kile ambacho jukwaa linacho na kitabu hakina. Jia Baoyu, kijana wa jumba lile anayempenda Daiyu, anadanganywa kwamba anamwoa, kumbe chini ya shela yumo Baochai, binti mwingine. Wakati huohuo Daiyu anakata roho, mashairi yake keshayachoma moto. Mwandishi hana budi kusimulia kimoja, kisha kingine. Jukwaani harusi na mauti vinaweza kusimama pamoja, na mtazamaji akakosa pa kuweka macho. Uchungu wenyewe ndio huo.

Jambo la mwisho linahitaji moyo. Kitabuni Daiyu anazika maua yaliyopukutika, na kipande hicho kimo mchezoni. Lakini Li Xing na Li Chao wakayapindua maneno: baadaye kinakuja kipande kiitwacho mazishi ya maua, na maua safari hii ni wanawake wenyewe. Nywele zimeachiwa, mapambo yamevuliwa, wanacheza kama wachezaji wa leo. Kitabuni hakuna ukurasa wa namna hiyo. Kwangu mimi, hapo ndipo walipomheshimu Cao Xueqin kuliko pengine pote, kwa sababu waliwalilia wale aliowalilia yeye.

Basi, kesho mazoezini msianze na orodha ya sura. Kila mmoja aje na tendo moja dogo la mhusika wake, alifanye mbele ya wenzake, kimya. Lisiloeleweka liacheni. Kisha niandikie tena, uniambie mmeacha nini.