Kabla ya Kununua Gari la Umeme: Mwongozo kwa Madereva wa Abiria Toronto

Oktoba 2023 Baraza la Jiji la Toronto lilipitisha kwamba ifikapo 2031 teksi na magari ya Uber na Lyft yawe hayatoi moshi. Mwongozo huu unamlenga hasa dereva anayepanga ghorofani, awe Rexdale, Scarborough au Thorncliffe Park, maana ndiye atakayetegemea chaja za umma.

Kabla ya kuuliza bei ya gari, jiulize litalala wapi usiku, na kama hapo pana umeme. Mpango wa Ontario wa bei nafuu ya usiku ulipoanza Mei 2023, uniti moja ilikuwa senti 2.4 kuanzia saa 5 usiku hadi saa 1 asubuhi, bila ada za usafirishaji wa umeme. Bei imepanda tangu hapo, lakini chaja za kasi za umma bado ni ghali mara nyingi zaidi. Tahadhari: mpango huohuo hutoza bei ya juu kabisa saa 10 jioni hadi saa 3 usiku siku za kazi, wakati ambapo familia nyingi ziko jikoni. Piga hesabu ya bili ya nyumba nzima.

Soketi ya kawaida ya ukutani hutoa kama kilowati 1.4, yaani kilometa 70 hivi kwa saa 10. Anayeendesha kilometa 200 kwa siku haimtoshi. Chaja ya kilowati 7 humaliza kazi hiyo kwa saa 5 au 6 wakati wa kiangazi.

Mwenye kumiliki nyumba ndani ya kondo analindwa na kanuni za Ontario za tangu Mei 2018: akiomba kufunga chaja kwa gharama yake, bodi haiwezi kukaa kimya, na ina siku 60 za kumjibu. Mpangaji hana haki hiyo. Aombe ruhusa ya mwenye jengo kwa maandishi, na aipate kabla ya kusaini mkopo wa gari. Ahadi ya mdomo ya msimamizi huondoka na msimamizi.

Ukikosa vyote, zimebaki chaja za umma: za Green P kwenye maegesho ya jiji, chache za kando ya barabara zilizoanza kwa majaribio 2020, na za kampuni binafsi. Soma masharti ya kila moja. Je, ada ya maegesho ni ya ziada? Je, unatozwa faini ukiacha gari baada ya betri kujaa?

Hapa ndipo wengi huumia: namna ya kutoza. Kuuza umeme wa chaja kwa uniti kulianza kuruhusiwa Kanada 2023 tu, na baadhi ya chaja bado hutoza kwa dakika. Januari betri ikiwa baridi hupokea umeme polepole, hivyo kwa dakika zilezile utalipa pesa zilezile na kuondoka na uniti chache. Tena baridi hiyohiyo inaongeza matumizi ya gari, kwa sababu ya hita. Chagua chaja ya uniti majira hayo. Ikibidi ya dakika, pasha betri moto njiani kwa kuweka kituo hicho kwenye ramani ya gari, kama gari lako lina uwezo huo, na uchomoe ikifika asilimia 80, kwani baada ya hapo kasi hushuka sana.

Jihadhari pia na Nissan Leaf ya mtumba inayouzwa kwa bei ya kuvutia. Kwa chaja ya kasi hutumia plagi ya CHAdeMO, ambayo vituo vipya vingi haviiweki tena.

Kabla ya kulipa amana, zungukia chaja zilizo karibu na kwako saa ambazo kwa kawaida unamaliza kazi, uone foleni na zilizoharibika. Ukishaanza kazi, hifadhi kila risiti ya kuchaji pamoja na kumbukumbu ya kilometa: sehemu ya gharama inayohusu kazi hukatwa katika hesabu yako ya kodi.