Choo Kidogo, Anzia Sakafuni

Kangari, huku kwenye miteremko ya Nyandarua penye majani chai, unyevu ndio adui wa kwanza wa choo kilicho ndani ya nyumba. Mvua ndefu huingia Machi, na kati ya Juni na Agosti ukungu unaweza kukaa hadi mchana. Ukitaka kukarabati mwenyewe, bomoa Januari, ili kazi ya simenti iishe kabla ya mvua.

Wengi hukimbilia vigae. Mimi nasema pesa zitangulie sakafuni, kwa sababu kigae kizuri juu ya sakafu inayotuamisha maji kitang'oka tu. Gonga vigae vya zamani kwa kipini cha nyundo. Vinavyolia utupu havijashika, viondoe. Kisha tafuta mteremko. Kutoka mlangoni hadi kwenye tundu la maji, sakafu ishuke kama sentimita 2 kwa kila mita. Usiamini macho. Kama huna pimamaji, jaza maji kwenye paipu nyembamba inayoonyesha ndani, toa hewa yote, uweke alama ukutani pande zote mbili, maji hayadanganyi. Changanya sehemu moja ya simenti kwa sehemu tatu za mchanga safi, uongeze dawa ya kuzuia maji kama mfuko wake unavyoelekeza, na upandishe mchanganyiko huo kidogo ukutani, maana pembe ndiyo huvuja kwanza.

Funika sakafu mpya kwa gunia lililolowa kwa siku 7. Inashangaza kulowesha kitu unachotaka kikauke, lakini simenti inayokauka haraka hupasuka. Baada ya hapo iache ikauke vizuri, na kwa baridi ya huku usiharakishe. Ziba tundu, mwaga maji sakafuni, uyaache usiku mzima. Yakishuka au ukuta wa chumba cha pili ukilowa, rekebisha kabla ya kununua kigae hata kimoja. Ukinunua, chukua vya sakafu vyenye uso wa kukwaruza. Vile vinavyong'aa ni vya ukutani.

Paipu ya choo iwe ya inchi 4, ishuke sentimita 2 na nusu hivi kwa kila mita, na kila sinki na tundu la sakafu liwe na mkunjo unaobaki na maji. Maji hayo ndiyo huzuia harufu ya shimo isirudi ndani. Paipu ya hewa ipite juu ya bati, na dirisha dogo lifunguke hata siku za baridi, la sivyo kuta zitaota ukungu mweusi.

Kazi mbili usizishike. Nyaya za bafu la umeme ni za fundi mwenye leseni. Na kamwe usiingie kwenye shimo la maji taka kuzibua paipu. Gesi yake inaweza kumuua mtu papo hapo, na anayemfuata kumwokoa pia.

Mlango nao ufungukie nje. Chumba kikiwa kidogo, nyanya akianguka ndani mwili wake huziba mlango unaofungukia ndani, na hutamfikia.