Ushindi wa Kamari: Je, Ni Mapato ya Kutozwa Kodi?

Tangu Julai 2025, mkazi wa Kakuyuni anayecheza kamari kwa simu hukatwa kodi mara mbili. Akiweka pesa kwenye akaunti yake ya kampuni ya kamari, hukatwa asilimia 5 ambayo ni ushuru wa bidhaa. Akizitoa, hukatwa asilimia 5 nyingine chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato. Makato yote mawili yamo katika Sheria ya Fedha ya 2025, na kampuni ndiyo inayoyakata na kuyapeleka kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA.

Makato ya kwanza hayana utata mkubwa. Yanafanana na ushuru unaolipwa mtu anaponunua muda wa maongezi au chupa ya bia. Ni ya pili yanayozua swali, kwa sababu ya jina lake. Yanaitwa kodi ya mapato. Je, kila anayetoa pesa kwenye akaunti ya kamari amepata mapato?

Chukua mfano wa kijana wa bodaboda anayebeba abiria kati ya Kakuyuni na Ganda. Jioni anaweka shilingi 1,000. Ushuru wa bidhaa unachukua karibu 50. Kabla hajaweka mkeka wowote, gurudumu la pikipiki linapasuka, naye anaamua kuzitoa pesa zake anunue tairi. Anakatwa karibu 47 tena. Zinazorudi kwenye M-Pesa ni takriban shilingi 900. Hakucheza, hakushinda, ila amelipa kodi ya mapato juu ya pesa alizochuma barabarani.

Sheria haikuwa hivyo awali. Kodi ya asilimia 20 iliyorejeshwa mwaka wa 2018 ililenga ushindi wenyewe, na mara moja ukazuka mvutano kuhusu maana ya neno hilo. Mtu aliyeweka dau la shilingi 100 akalipwa 300, ameshinda 300 au 200? KRA na kampuni hazikukubaliana juu ya hilo na madai mengine ya kodi, na mnamo Julai 2019 leseni za kampuni 27 zikazuiliwa. Baadaye mwaka huo Bunge lilitoa jibu kupitia Sheria ya Fedha ya 2019: ushindi ni malipo ukiondoa dau. Aliyelipwa 300 ameshinda 200, basi kodi yake ni shilingi 40.

Jibu hilo lilikuwa la haki kuliko lililotangulia, lakini lilipima kila mkeka peke yake. Tuseme kijana yule yule ameweka mikeka 10 ya shilingi 100 kwa mwezi. Tisa imechanika, mmoja umemlipa 600. Ukiacha ushuru wa bidhaa kando, ametumia 1,000 akapata 600, yaani amepoteza 400. Sheria ya wakati huo iliuona ule mmoja tu: ushindi wa 500, kodi 100. Mwisho wa mwezi hasara yake ni 500, na mia moja kati ya hizo imeandikwa kuwa kodi ya mapato.

Linganisha na mtu anayenunua maembe kwa wakulima wa Kakuyuni na kuyapeleka Mombasa. Kodi yake ya mapato huhesabiwa baada ya kuondoa bei ya maembe, nauli ya lori na yale yaliyooza njiani. Ni kweli kuna kodi ya mauzo ya asilimia 3 kwa biashara zinazouza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, ambayo haiangalii gharama. Lakini mfanyabiashara ana ruhusa ya kuiarifu KRA kwamba anataka kutozwa kwa faida. Mcheza kamari hana mlango huo.

Upande wa pili wa mizani

Wapo wanaosema kodi ya ushindi ni halali kabisa, na hoja yao si ya kubezwa. Mwalimu anayelipwa takriban shilingi 83,000 kwa mwezi hupata karibu milioni 1 kwa mwaka, na kodi ya mshahara inayokatwa huwa zaidi ya 150,000. Sasa mtu aweke mkeka wa shilingi 100, ashinde milioni 1, azitoe. Kwa sheria ya 2018 angekatwa karibu 200,000. Kwa sheria ya sasa hukatwa 50,000. Ni vigumu kumweleza mwalimu huyo kwa nini jasho la darasani litozwe mara tatu ya bahati ya usiku mmoja.

Hapo ndipo utaratibu wa sasa unapopwaya pande zote. Ni rahisi kukusanya, maana hakuna tena ubishi juu ya maana ya ushindi. Lakini unamgusa aliyepoteza na kumpunguzia aliyeshinda donge nono. Kodi isiyouliza mtu amefaidi kiasi gani inafanya kazi kama ada ya mlangoni, hata ikiitwa ya mapato.

Nchi nyingine zimechagua njia tofauti. Uingereza haimtozi mchezaji kodi ya ushindi, hutoza kampuni. Mwaka wa 1925, katika kesi ya Graham dhidi ya Green, mahakama huko iliamua kwamba hata mtu aliyeishi kwa kubeti farasi hakuwa akifanya biashara. Marekani imeshika njia ya pili: ushindi ni mapato, hutangazwa kwenye ritani ya mwaka, na mchezaji anayeorodhesha gharama zake anaweza kuondoa hasara, ingawa si zaidi ya alichoshinda. Kwa Kenya, kutoza ushindi kama mapato halisi kungetaka hesabu ya mwaka mzima kwa kila mchezaji. Rekodi zipo, kwa kuwa kila shilingi hupitia simu. Serikali Kuu ingekusanya kidogo kwa wengi walio na hasara, na zaidi kwa wachache waliofaidi.

Nafasi ya Kaunti na ya mkazi

Kodi hizi haziingii katika hazina ya Kaunti ya Kilifi moja kwa moja. Kifungu cha 209 cha Katiba kinaipa Serikali Kuu pekee mamlaka ya kutoza kodi ya mapato na ushuru wa bidhaa. Kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne, ina jukumu juu ya kamari na kasino katika eneo lake, na inaruhusiwa kutoza kodi ya burudani. Anayetaka viwango vibadilishwe atumie nafasi ya maoni ya umma: Mswada wa Fedha hufikishwa katika Bunge la Taifa kufikia mwisho wa Aprili kila mwaka, na kamati hupokea maoni ya maandishi kutoka kwa mwananchi yeyote.

Anayetaka kujua kama ana mapato au hasara anaweza kuomba taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima, ajumlishe alizoweka na alizotoa.

Na iwapo mtu atapiga simu kusema umeshinda, lakini utume kwanza "pesa za kodi" ndipo ulipwe, huyo ni tapeli. Kodi hukatwa na kampuni kutoka kwenye pesa zilizomo tayari kwenye akaunti. Usitume chochote, ripoti kwa kituo cha polisi kilicho karibu.